Sarafu za kushikwa na watoto: klabu ijipange hivi

Mkuu, umeuliza kama klabu yenu ya wakusanyaji sarafu ikienda kujitolea shuleni iwape watoto sarafu mkononi au iziweke ndani ya kioo. Wapeni mkononi. Ya kwenye kioo mtoto ataisahau kabla hajafika getini.

Ila sarafu za kushika na za kutazama zisikae pamoja hata dakika moja. Watoto 40 wagawe makundi matano, kila kundi sinia moja lenye sarafu kumi na mwanaklabu mmoja wa kulisimamia. Mkiwa wawili tu, chukueni watoto 16 na wengine wasubiri siku nyingine. Sarafu zihesabiwe mbele ya watoto mwanzo na mwisho, kwa sauti, ili ikipungua moja asije akashukiwa mtu baadaye. Sinia litandikwe kitambaa cha pamba, na wote wakae kwenye mkeka, maana sarafu ikidondoka kwenye sakafu ya saruji ukingo unabonyea na haurudi. Nendeni kabla ya mapumziko. Mafuta ya maandazi na chumvi ya jasho vinaacha alama za vidole kwenye shaba, na zikishakolea hazitoki.

Kwenye sinia wekeni sarafu mbili za shilingi moja ya Tanzania, ya 1966 na ya 1987, pamoja na sumaku. Ya kwanza haishiki, ya pili inashika, kwa sababu ndani ni chuma kilichofunikwa nikeli. Hapo watoto wataanza kuuliza wenyewe. Kisha toeni senti 10 ya Afrika Mashariki ya 1936, yenye tundu katikati. Ina jina la Edward VIII, mfalme aliyejiuzulu kabla hata ya mwaka kwisha. Kwao Uingereza sarafu zake hazikuingia sokoni, lakini huku kwetu watu walinunulia chumvi. Sarafu ya tundu haikuwa na nafasi ya sura ya mfalme, ndiyo maana ilitosha kubadilisha jina tu. Mimi naiona ndiyo sarafu bora ya kufundishia, na bei yake bado ni ndogo.

Mkipewa msaada wa sarafu, angalieni zimekuja ndani ya nini. Vifuko vya plastiki laini vikikaa kwenye joto la pwani hutoa ute wa kijani unaokula shaba. Itoeni sarafu humo, muiloweke dakika chache kwenye asetoni safi (kimiminika cha kuyeyushia uchafu) ndani ya bilauri ya kioo, madirisha wazi na moto mbali, kisha muiache ikauke yenyewe. Dawa ya kufutia rangi ya kucha haifai, ina mafuta na manukato. Ndimu, ukwaju, majivu, vyote marufuku: vinang'arisha kwa kuchubua uso wa sarafu.

Mtu akileta vipande vya shaba vya Kilwa, yaani sarafu za kale, alivyookota ufukweni, msivipokee kama zawadi. Kwa sheria ya mambo ya kale ya Tanzania ya 1964, kilichotengenezwa na mtu kabla ya 1863 ni kumbukumbu inayolindwa. Mwelekezeni akaripoti, na aandike mahali hasa alipokiokota, kwani bila hilo wataalamu wanapoteza nusu ya habari.

Mwisho, kila mtoto aondoke na senti moja ya tundu ndani ya bahasha ya karatasi, mwaka wake ameuandika kwa mkono wake mwenyewe.