Samaki wa Matumbawe Mwanza: Anza na Maji

Wageni wakiona tangi langu hapa Nyegezi huuliza bei ya samaki, kisha, kwa kuwa tuko Mwanza, huuliza kama analiwa. Habari za maji hawagusi kabisa, na maji ndiyo kazi yenyewe.

Yule mdogo wa rangi ya chungwa mwenye mikanda mitatu myeupe, anayependwa na watoto na kuitwa clownfish kwa Kiingereza, asili yake ni bahari za huko Indonesia na kaskazini mwa Australia. Pwani yetu ina ndugu zake: mmoja ana mstari mweupe unaopita mgongoni, mwingine ni kahawia iliyokolea mwenye mikanda miwili. Wote ni wa jamii ya Amphiprion na matunzo yao ni yaleyale.

Ziwa lisikudanganye. Samaki wa bahari hunywa maji na kutoa chumvi mwilini. Ukimtia kwenye maji yasiyo na chumvi kama ya ziwa, maji yanamwingia mwilini kupita kiasi mpaka anakufa. Chumvi ya jikoni nayo haisaidii. Ya Uvinza naipenda sana kwenye mchuzi wa sato, lakini bahari ina pia magnesiamu, kalsiamu na mengine mengi ambayo pakiti ya dukani haina. Agiza chumvi maalumu ya matangi ya bahari, na uagize ya kutosha: maji ya bahari yana takriban gramu 35 kwa lita, kwa hiyo tangi la lita 100 linameza kilo tatu na nusu au zaidi, hujaanza hata kubadilisha maji. Kipima chumvi kisome karibu 1.025. Maji ya bomba yana klorini, basi yatie dawa ya kuiondoa kabla ya kuchanganya.

Jua la mchana likipunguza maji tangini, ongeza maji yasiyo na chumvi. Kinachopanda hewani ni maji matupu; chumvi inabaki. Anayejazia maji ya chumvi kila mara anamkausha samaki wake taratibu.

Kisha subiri. Kinyesi cha samaki hutoa amonia, ambayo ni sumu, na bakteria wa kuigeuza huchukua wiki nne hadi sita kuzaliana kwenye chujio na mawe. Muda huo wote tangi halina samaki. Shemeji zako watacheka kwamba umenunua kioo cha kuangalia maji, waache wacheke. Pima amonia na naitraiti, sumu ambayo amonia hugeuka kwanza, mpaka zote zisome sifuri.

Umeme ukikatika usiku, hatari ya kwanza ni hewa. Pampu ya hewa ya betri ni bei ndogo kuliko jenereta, nami nisingeanza bila hiyo. Hita nayo ni lazima: usiku wa Juni na Julai hapa una baridi, na samaki huyu anataka nyuzi 24 hadi 27.

Nunua wawili wadogo wa aina moja, mmoja akiwa mkubwa kidogo kuliko mwenzake. Wote huzaliwa madume. Mkubwa atageuka jike, na akifa, dume aliyebaki anaweza kushika nafasi yake. Uliza kama wamezalishwa tangini, maana hao huzoea chakula haraka. Anemoni, yule mnyama wa bahari mwenye minyiri ambamo samaki huyu hujificha, achana nayo kwanza. Inataka taa kali, na samaki ataishi vizuri bila hiyo. Walishe kidogo, kiasi cha kumalizwa ndani ya dakika mbili. Dagaa wetu wa kuanikwa mchangani usiwape, watakuchafulia maji.

Ukipiga hesabu ukaona mzigo, fuga furu, samaki wadogo wa ziwa letu. Yupo dume mmoja wa Ghuba ya Mwanza, mgongo mwekundu, ubavu wa njano wenye milia myeusi, ambaye wanasayansi walimpa jina la Nyerere. Weka dume mmoja na majike kadhaa, mawe mengi ya kujificha, na ukiona jike amefumba mdomo na hali chakula, usimtibu: amebeba mayai humo, na atayabeba kama wiki tatu.