Achari ni kazi ya kaskazi

Shamba letu la Mtongwe, Mombasa, ni dogo: miembe mitatu ya ngowe, mndimu mmoja, minazi ya kuhesabu na muhogo pembeni. Lakini ikifika Desemba hiyo miembe mitatu hutushinda. Tunakula, tunagawia majirani, na asubuhi bado unayakuta maembe yametapakaa chini. Kuyapeleka soko la Kongowea ni kuvuka feri, kisha Daraja la Nyali, na huko kila mtu ana maembe. Hata nauli hairudi. Ndipo nikaingia kwenye achari.

Mwaka wa kwanza niliharibu zote. Nilianza kuanika Aprili, maembe ya mwisho mwisho. Wingu likitanda nayaingiza ndani, jua likichomoza nayatoa. Siku ya nne vipande vikateleza kama bamia. Ya sita vikaota koga. Mama mkwe akautazama ungo, akaniambia, "Mwanangu, hii kazi ya kaskazi. Kusi hukaushi hata kanga."

Kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini-mashariki, huvuma Desemba hadi Machi, mvua haba na jua la kweli, na ndio wakati maembe yamejaa mtini. Masika ikishaingia na upepo wa kusi ukianza, hewa ya Mombasa hulowesha hata chumvi ndani ya kopo. Usishindane nayo.

Chuma embe lililokomaa lakini bado bichi na gumu. Likibonyea, hilo kula. Osha, futa likauke kabisa, ndipo ukate vipande na maganda yake. Changanya na chumvi nyingi na manjano, yalaze usiku kucha. Asubuhi utayakuta yametoa maji: yamwage, uanike vipande juu ya paa, umevifunika kwa kipande cha chandarua sababu ya nzi. Alasiri viingize ndani, usingoje umande. Mimi huanika siku mbili au tatu. Chukua kipande ukikunje: kikikunjika kama ngozi bila kutoa maji, kiko tayari. Usishtuke ungo mzima ukibaki sahani moja.

Hapo ndipo pilipili, kitunguu thomu, uwatu uliokaangwa mkavu na siki. Mafuta nayachemsha, nayaacha yapoe kabisa, kisha namimina mpaka yavifunike vipande. Kipande kinachochungulia juu ya mafuta ndicho cha kwanza kuota koga.

Chupa natumia za kioo, zile za jamu. Nazichemsha dakika 10, nazipindua juani mpaka zikauke. Na kijiko! Shemeji yangu alichota achari kwa kijiko kilichotoka kwenye mchuzi, akafunika, akaenda zake. Wiki iliyofuata nilimwaga chupa nzima. Siku hizi kijiko cha achari kinakaa peke yake, na hakuna anayekigusa bila kunitazama kwanza.

Mabuyu ni rahisi zaidi, na ndiyo yanayonipa pesa za haraka kwa watoto wanaotoka madrasa. Siri yake ni shira. Ichemshe sukari kwa maji kidogo mpaka ivute uzi kati ya vidole, tia rangi, iliki na pilipili, ndipo utie mabuyu na kukoroga upesi kwa moto mdogo. Shira ikiwa nyepesi, unga wa buyu huyeyuka wote na wewe unabaki na uji mwekundu wenye kokwa. Nilishaupika huo uji mara mbili.

Kashata za nazi sizihesabu kama akiba. Nazi ina mafuta, na kwa joto letu huchacha mapema. Pika za kuliwa leo na kesho, basi.

Kama ndiyo kwanza unaanza, anza na ndimu. Zipasue mara nne bila kuzitenganisha, zijaze chumvi, zishindilie kwenye chupa na uiweke juani kila siku, ukiitikisa asubuhi. Maganda yakilainika na kugeuka rangi ya kahawia, tia pilipili. Yangu ya Januari iko dirishani sasa hivi, na wali wa nazi uko jikoni.