Matukio ya shule yaingie kwenye vipindi vya darasa la kwanza

Kila mwalimu wa madarasa ya chini anaujua mwezi wa Oktoba. Darasa la saba wameshafanya mtihani wao Septemba na kuondoka, darasa la nne wanajiandaa na upimaji wa kitaifa, mwalimu wa taaluma anadai alama za KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) za darasa la pili, na katikati ya yote hayo kuna tarehe 14, Siku ya Nyerere, ambayo hatuingii darasani. Ukiwa na darasa la kwanza usidhani hayo hayakuhusu. Vyumba vinabadilishwa, ratiba inapanguliwa, na wazazi wanakusimamisha getini: "Mwalimu, kesho kuna shule?"

Ushauri wangu kwa walimu wenzangu, hasa mnaoanza kazi: matukio msiyaache yawe matangazo ya dakika ya mwisho, watoto wameshavaa mabegi na macho yako mlangoni. Yafundisheni. Tukio la wiki ijayo lina kusoma ndani yake, lina kuandika na lina kuhesabu. Vipindi vyetu ni vya dakika 30, hakuna nafasi ya kufundisha silabi upande mmoja na kutangaza upande mwingine.

Mimi huanza na kalenda. Nachora mwezi mzima kwenye karatasi ya manila, namba kubwa kiasi cha kuonekana na mtoto wa dawati la nyuma, naibandika pembeni ya ubao. Asubuhi baada ya kuita majina, mtoto mmoja anakuja kuweka alama kwenye tarehe ya leo, mwingine anataja jana ilikuwa siku gani, mwingine kesho. Halafu swali: zimebaki siku ngapi tufike tarehe 14?

Hapo mtazame mtoto kidole chake. Tuseme leo ni tarehe 6. Ataweka kidole juu ya 6 na kusema "moja", juu ya 7 aseme "mbili", mpaka afike 14 na kutangaza "tisa!" kwa furaha kabisa. Ukimwambia tu kwamba jibu ni nane atakariri nane, na kesho atarudia vilevile. Mwambie aweke kidole kwenye 6 akae kimya, kisha aruke. Tunahesabu miruko, hatuhesabu vyumba vya kalenda. Ikibidi chora namba sakafuni kwa chaki, mtoto aruke kwa miguu yake, darasa zima likihesabu kwa sauti. Huko ni kujumlisha na kutoa, na hata wale wanaosinzia tukihesabu kwa vizibo vya soda huamka.

Kwenye kusoma, sentensi za ubaoni nazitoa kwenye tukio lenyewe. Kwa Siku ya Nyerere: "Baba wa Taifa alikuwa mwalimu." "Alizaliwa Butiama." "Alichunga ng'ombe." Ni fupi, ni za kweli, na mtoto akifika nyumbani ana la kusema kuhusu sababu ya shule kufungwa. Wengi hawajui kwamba Mwalimu Nyerere alifundisha darasani kweli, Tabora na baadaye Pugu, kabla ya kuacha kazi hiyo kwa ajili ya siasa. Watoto hulipenda sana hilo. Humtazama mwalimu aliye mbele yao kwa namna nyingine.

Hiyo sentensi ya ng'ombe niliichagua makusudi, maana kufikia Oktoba ndipo tunapopambana na ng' na ng. Mtoto anaandika "ngombe", na ukimsahihisha haoni tofauti. Jaribu hivi: waambie watoto wabane pua kwa vidole viwili wajaribu kuivuta ng' ya mwanzo wa neno ng'aa. Sauti inagoma kutoka. Wakiachia pua, inatoka. Kisha waseme ngoma, ngazi, ngao wakiwa wameweka kiganja kooni, wasikie g inavyogonga. Darasa litacheka na kupiga kelele, acha wacheke. Baada ya hapo, kila mtoto anayesahau ile alama ya juu mwoneshe pua yako tu, atakumbuka mwenyewe.

Sasa tukio ninaloliogopa kuliko yote kama halikuandaliwa: siku ya dawa za minyoo na kichocho. Watoa huduma za afya hupanga siku na mwalimu mkuu, na sisi walimu wa darasa tunapewa taarifa. Kwa maeneo yenye kichocho, dawa yake mtoto anatakiwa ainywe akiwa amekula. Akiinywa na njaa anaweza kupata kizunguzungu, kichefuchefu au tumbo kuuma, na mtoto mmoja akitapika mbele ya wenzake foleni yote inaanza kulia. Kwa hiyo wiki nzima kabla ya siku hiyo, darasani kwangu linasomwa neno moja: "nimekula". Tunalisoma, tunaliandika, tunalitungia sentensi. Na barua ninayotuma nyumbani ni fupi kiasi hiki:

"Mzazi au mlezi, Alhamisi watoto watapewa dawa za minyoo na kichocho hapa shuleni. Tafadhali mtoto ale ashibe kabla ya kuja. Kama anaumwa, au anatumia dawa nyingine, njoo uniambie mapema. Ahsante."

Usiongeze kitu. Barua ya ukurasa mzima yenye kumbukumbu namba na "husika na kichwa cha habari hapo juu" mzazi anaikunja na kuiweka chini ya godoro. Halafu si kila mzazi yuko kwenye kundi la WhatsApp la darasa, na si kila aliyeko huko anasoma. Mtoto ndiye mjumbe wa uhakika, ila lazima ajue anachokipeleka. Kuna mama mmoja anayeuza vitumbua karibu na shule yetu, alinikuta getini asubuhi ya siku hiyo akaniambia: "Mwalimu, shikamoo. Mwanao kaniamsha alfajiri, eti bila uji haji shule." Nilifurahi mno.

Kipimo cha dawa ya kichocho hufuata urefu wa mtoto, kwa hiyo watoto wanasimamishwa kwenye kijiti chenye alama. Mtoto ambaye hajawahi kukiona anadhani ni fimbo! Siku moja kabla, kipindi cha hisabati nakitumia kwa kulinganisha urefu: tunaweka alama za chaki ukutani, kila mmoja anasimama, tunasema nani mrefu kuliko nani, nani wako sawa. Kesho yake wanakimbilia kile kijiti wenyewe.

Upimaji wa darasa la nne hauhitaji mengi. Waeleze wadogo kwamba kaka na dada zao wana kazi inayotaka utulivu, na siku hizo wahamishie kazi za nje: kuandika herufi mchangani, kuokota majani na kuyapanga kwa makumi. Na kama uongozi umeamua wadogo wabaki nyumbani, weka alama kwenye kalenda mapema, mzazi anayekwenda shamba ajue mtoto atabaki na nani.

Kikao cha wazazi kina uzito wake. Michango ya chakula cha shule hukubaliwa na wazazi wenyewe kikaoni, na asiyefika anakuta wenzake wameshaamua. Ndiyo maana napenda mwaliko uandikwe na mtoto. Ubaoni naandika "Mama, njoo shuleni siku ya ___ saa ___", wenye baba, bibi au shangazi wanabadilisha neno la kwanza, kila mmoja anajaza na kuchora ua akitaka. Herufi zimepinda, saa nyingine imeandikwa kinyumenyume, lakini karatasi hiyo mzazi haitupi, na ukumbi hujaa kuliko tunapotuma ile iliyochapwa.

Dakika za mwisho kabla ya kengele ni za kusimulia. Mtoto anasimama anasema mambo mawili: leo nimejifunza nini, na kesho au wiki hii kuna nini. Kama una darasa la watoto mia na zaidi, kama wengi wetu, usijaribu kuwasikiliza wote. Chukua safu moja kwa siku, wengine wasimuliane wawili wawili kwenye dawati, wewe pita katikati ukisikiliza. Utakayemsikia anasema shule imefungwa kesho wakati haijafungwa, mrudishe kwenye kalenda aweke kidole, kabla hajafika nyumbani.

Nanyi wazazi mnaosoma hapa, mkimpokea mtoto jioni muulizeni hayo mawili kwanza, kisha ndiyo muulize daftari.