Kalenda moja, kurasa tano: ipe klasi yake

Ndugu, umeuliza kama, kwenye majaribio yako ya kiotomatiki ya tovuti, unakili msimbo wa kalenda ya kuchagua tarehe kwenye klasi ya kila ukurasa (ile inayobeba msimbo wa kuutumia ukurasa huo), maana kalenda iko kwenye kurasa tano. Usinakili. Ipe kalenda klasi yake, kurasa ziitumie tu.

Kazi yote iko kwenye mzizi, yaani elementi (kipande cha ukurasa) inayoizunguka kalenda. Klasi ipokee njia ya kuipata elementi hiyo, kisha kila kitu kitafutwe ndani ya hiyo, si ukurasa mzima. Fomu yenye tarehe ya kuondoka na ya kurudi ina kalenda mbili. Ukitafuta kitufe cha "mwezi ujao" ukurasa mzima, `findElement` ya Selenium (zana ya kuendesha kivinjari kwa msimbo) itakurudishia cha kwanza kila mara. Mimi kosa hilo lilinila siku nzima: jaribio la tarehe ya kurudi lilikuwa linabofya kalenda ya kuondoka.

Kwa nje toa vitendo anavyovielewa mtumiaji, mfano `chagua(tarehe)` na `tarehe_iliyochaguliwa()`. Jaribio lisijue kabisa kuna mishale ya kubofya.

Halafu, kwa kuwa unatumia Selenium, usihifadhi elementi uliyoipata wakati klasi inaundwa. Ukurasa ukiichora kalenda upya, utapata `StaleElementReferenceException`, yaani kosa kwamba elementi uliyoishika haipo tena kwenye ukurasa. Hifadhi njia ya kuitafuta, uitafute kila unapoihitaji. Playwright, zana nyingine kama Selenium, hufanya hivyo yenyewe.

Uhakiki wa matokeo uache kwenye jaribio. Anza na kalenda tu. Menyu utaitenga ukiona nayo inajirudia.