Maswali ya Wasomaji: Kumalizia Blanketi la Viraka

SWALI: Shikamoo Mama. Kwa muda mrefu nimekuwa nikikusanya mabaki ya vitenge kutoka kwa mafundi cherehani wa Soko la Majengo na kuyaunga. Sasa ninazo nyuso tatu za blanketi la viraka, kila moja ina upana wa sentimita 150 na urefu wa sentimita 200, lakini zimelala sandukuni kwa sababu sijui hatua zinazofuata. Moja ningependa kumpa rafiki yangu kwenye sherehe ya kuagwa kwake, na mbili nimewakusudia wazee wanaotunzwa kituoni. Je, nizishone zote kwa mkono? Na ukingo humalizwaje ili usifumuke?
Msomaji, Kizota, Dodoma

JIBU: Marahaba, mwanangu, na hongera kwa kazi uliyokwisha kuifanya. Kabla hujashika sindano, jiulize kila blanketi litafuliwa na nani na kwa namna gani, kwa kuwa jibu lake ndilo litakalokuongoza katika yote yaliyobaki. La rafiki yako litafuliwa na mtu anayejua nani alilishona, naye atalitunza. Hilo linastahili mkono wako. Ya wazee yatafuliwa mara kwa mara pamoja na mashuka mengine, yatakamuliwa kwa nguvu na kuanikwa kwenye jua kali, na mshono wa mkono wenye nafasi kubwa hautahimili. Hayo yashone kwa cherehani bila kusita. Wapo wanaoamini kwamba zawadi iliyopita kwenye cherehani ina upendo pungufu, nami sikubaliani nao hata kidogo: mzee anayelala katika baridi ya Julai, wakati joto la usiku hapa kwetu hushuka hadi karibu nyuzi 14 za Selsiasi, anahitaji kitu kitakachodumu hadi Julai ijayo na nyingine baada yake.

Anza kwa kukagua rangi. Lowesha kitambaa cheupe, kisha usugue kila kiraka, hasa chekundu, cha buluu iliyokolea na cha batiki. Kinachochuja rangi kifumue sasa na uweke kingine, maana matabaka matatu yakishaunganishwa hutaweza kukitoa bila kuharibu kazi. Kitambaa cha nyuma na tabaka la kati vifue kwanza, kwani pamba hunywea inapokutana na maji.

Kwa nyuma, shuka la pamba linafaa kuliko kitenge, ambacho upana wake wa sentimita 115 hivi hautoshi bila kuungwa. Katikati weka blanketi jepesi. Pamba ya kujazia magodoro siipendekezi, kwa sababu mistari ya mshono ikiachana sana, pamba hiyo hujikusanya mabonge baada ya kufuliwa. Tandika kitambaa cha nyuma sakafuni, upande mzuri ukiangalia chini, nacho kizidi uso wa viraka kwa sentimita tano hadi kumi kila upande. Juu yake weka tabaka la kati, kisha uso. Piga bandi, yaani mshono wa muda wa kushikiza matabaka, kuanzia katikati kuelekea pembeni, mistari ikiachana kwa upana wa kiganja, na mshono wenyewe nao ufuate mwelekeo huohuo, ili kila mkunjo usukumwe nje badala ya kunaswa ndani. Ukimaliza, fumua bandi na ukate kingo zote ziwe sawa.

Sasa ukingo. Kuzunguka blanketi lako ni sentimita 700, na utahitaji 30 zaidi kwa ajili ya pembe na maungio. Kata vipande saba vya kitenge vyenye upana wa sentimita 6.5, kwa kufuata upana wote wa kitambaa. Nusu mita itatosha. Kwa ukingo ulionyooka huna haja ya kukata kitambaa mshazari, ila maungio ya vipande yawe ya mshazari ili yasifanye nundu. Kunja ukanda katikati kwa urefu wake, upige pasi, kisha uushone upande wa mbele, kingo zake zisizokunjwa zikilingana na ukingo wa blanketi, kwa nafasi ya robo tatu ya sentimita. Ikibaki nafasi kama hiyo kufika kwenye pembe, simamisha mshono, ukate uzi, kunja ukanda kuelekea juu ili upate mkunjo wa mshazari, urudishe chini sambamba na upande unaofuata, na uanze upya kutoka ukingoni. Mwisho ugeuzie nyuma: kwa rafiki yako umalizie kwa mshono wa kuficha, kwa wazee kwa cherehani.

Wengine hukunjia kitambaa cha nyuma mbele kikawa ndicho ukingo. Ni haraka, lakini ukingo ndio huanza kuchakaa, na ukichakaa hivyo, kitambaa cha nyuma chenyewe ndicho kinachochanika. Ukanda unaweza kubadilishwa.

SWALI: Sisi ni kikundi cha akina mama. Tunataka kushona mablanketi madogo ya viraka kwa ajili ya watoto wachanga hospitalini. Ni njia gani ya haraka?
Msomaji, Mpwapwa

JIBU: Dada zangu, kwanza muulizeni muuguzi kiongozi wa wodi wanahitaji nini. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja hapaswi kulala na blanketi lililolegea, kwa kuwa linaweza kumziba pumzi. Huenda akawaomba makubwa ya kuwafunika akina mama. Njia ya haraka ni kufunga mafundo ya uzi mzito kila baada ya sentimita kumi, nayo inafaa kwa watu wazima. Ya watoto wakubwa kidogo, ambao hutia kila kitu mdomoni, yapigeni mistari iliyonyooka ya cherehani, bila vifungo wala shanga.

SWALI: Je, ni vibaya kuandika jina langu kwenye blanketi ninalolitoa kwa msaada?
Msomaji, Kondoa

JIBU: Si vibaya. Tarizi jina lako, mwaka na maelezo ya ufuaji kwenye kipande kidogo cha pamba. Neno “msaada” usiliweke, kwa maana anayejifunika hapaswi kulisoma kila usiku. Kipande hicho kishikize kwenye pembe ya nyuma kabla hujashona ukingo, ili pande zake mbili zinaswe na ukanda na zibaki mbili tu za kushona kwa mkono.