Sijawahi kudaiwa, mbona benki hainiamini?

Shikamoo Mama. Mimi ni fundi wa sare za shule katika soko la Kibuye hapa Kisumu, huu ni mwaka wangu wa 9. Kitambaa, uzi, hata cherehani yangu, vyote nilinunua kwa pesa taslimu. Mwezi uliopita nilienda benki kuomba 45,000 ninunue oveloku, mashine ya kumalizia kingo za nguo, kwa sababu sasa nampelekea jirani sare anizungushie pindo, na ananitoza kwa kila vazi. Afisa aliangalia kompyuta dakika mbili, akasema sina historia ya mikopo. Nilitoka pale machozi yakinilengalenga. Mama yangu alinifunza kwamba mwaminifu ni yule asiyedaiwa. Sasa dada yangu ananiambia nikope kwenye apu zote za simu nijenge jina haraka. Nikubali? Laini ninayo moja tu, ile ya zamani nilimwachia mdogo wangu alipoenda kusoma Nakuru.
Fundi wa sare, Kibuye

Marahaba mwanangu. Mama yako alikulea vizuri, usimlaumu. Uaminifu wako unajulikana, ila unajulikana Kibuye tu. Anayekuuzia kitambaa anaujua, wazazi wanaokuachia malipo ya mbele wanaujua. Benki yenyewe husoma ripoti ya CRB, yaani kampuni inayotunza kumbukumbu za mikopo ya watu, na ripoti hiyo huandikwa na waliokukopesha. Usipokopa, hakuna wa kukuandikia neno, liwe jema au baya. Afisa yule alipaswa kukueleza hivyo badala ya kukuacha uondoke kama mkosaji.

Lakini kilichonishtua kwenye barua yako ni ile laini. Kama bado imesajiliwa kwa kitambulisho chako, mkopo wowote utakaochukuliwa humo ni wako. Simsingizii mdogo wako. Nilikaa miaka 11 kwenye dirisha la mikopo la Sacco, chama cha ushirika cha akiba na mikopo, na nimewaona watu wazima wakilia kwa sababu ya elfu mbili iliyokopwa na mtoto wa ndugu. Deni likipitisha siku 90 bila kulipwa, huhesabiwa kuwa baya, na hata ukilimaliza, alama yake hukaa miaka 5. Kwa hiyo kwanza omba ripoti yako. Kenya ina kampuni 3 zenye leseni ya kazi hii: Metropol, TransUnion na Creditinfo. Sheria inakupa ripoti bure mara moja kwa mwaka kutoka kwa kila moja. Ziangalie zote 3, kwa maana huenda afisa aliangalia moja tu.

Ushauri wa dada yako usiufuate. Mama mmoja muuza njugu alikuja kwangu akiwa amekopa apu 5 ndani ya mwezi mmoja, akijenga jina kama unavyoambiwa. Alikuwa amelipa 3. Kamati ya mikopo ilipoona majina yale 5 yamefuatana, haikuuliza alilipa ngapi. Iliona mtu anayezama.

Kopa mahali pamoja, kiasi ambacho tayari unacho kwenye droo. Chukua 1,000 ya M-Shwari, ule mkopo wa simu wa M-Pesa, iweke kando usiiguse, uirudishe kabla siku 30 hazijaisha. Ada ni asilimia 7.5, yaani shilingi 75 kabla ya kodi, na hiyo ndiyo bei ya kuandikwa vizuri. Rudia mara chache kwa mwaka. Hazina ya Hustler, ile ya serikali, ni nafuu zaidi, riba yake ni asilimia 8 kwa mwaka, lakini una siku 14 tu, basi tia alama kwenye kalenda ya ukutani.

Oveloku yenyewe ningeitafuta kwenye Sacco. Nyingi hukukopesha hadi mara 3 ya akiba yako, na mashahidi wako ni wadhamini, watu wa Kibuye wanaokujua. Ukiweka 500 kila wiki, kwa wiki 30 utakuwa na 15,000, na mara 3 yake ni hiyo 45,000 yako. Hakikisha ina leseni ya SASRA, msimamizi wa Sacco nchini, na uwaulize kama hupeleka CRB taarifa za wanaolipa vizuri. Wakikuomba nawe umdhamini mwenzako, fikiri sana, kwa sababu akishindwa akiba yako ndiyo itakayokatwa.

Jambo moja ninalojua kuhusu fundi wa sare: pesa yako huja shule zinapofunguliwa, Januari, kisha muhula wa pili na wa tatu. Novemba meza huwa kavu. Chagua marejesho ya mwezi ambayo hata Novemba utayaweza, halafu Januari ulipe zaidi. Nimewaona wengi wakikubali marejesho makubwa kwa sababu waliomba mkopo wakiwa na pesa mkononi.

Na pokea malipo kwa namba ya Lipa na M-Pesa, hata kama mzazi anataka kukupa noti, ili mapato yako yaonekane. Daftari lako la kaunta, lenye vipimo vya kiuno na salio la kila mtoto kwa penseli, mimi ningeliheshimu kuliko hati nyingi nilizowahi kuletewa. Liandike kwa kalamu kuanzia leo, uweke tarehe kila mstari, ulibebe siku ya kikao cha mikopo.

Lakini usikope hata shilingi kabla ya kupata majibu ya ile laini. Mpigie mdogo wako jioni hii, muulize kwa upole, na akija likizo mwende pamoja dukani akasajili laini yake.