Spika ndefu za mtumba: maswali yenu na majibu

Safari hii barua karibu zote zimekuja na kitu kimoja, watu wanataka kutoka kwenye spika ndogo za mezani waende kwenye spika ndefu za kusimama chini, na wengi mnaangalia za mtumba. Nimechukua tatu.

SWALI: Mkuu habari za kazi. Mi nina amplifaya ya Yamaha A-S301, natumia na spika ndogo za mezani, mziki unatoka msafi ila besi hamna, nikiweka rumba nasikia gitaa la solo linalia vizuri tu lakini besi kama halipo kabisa. Nataka nihamie kwenye spika ndefu, mpya sina hela yake, nimepata jamaa wawili wanauza used zimetoka Uingereza, mmoja ana B&W DM603 S3 mwingine ana Wharfedale Diamond 9.5, bei zao zinakaribiana. Za B&W twita (ile spika ndogo ya sauti nyembamba) moja imebonyea katikati, muuzaji anasema haina shida inaimba. Sebule yangu ni kama mita 4 kwa 5, chini taili. Nichukue zipi? (Tabata, Dar es Salaam)

JIBU: Mkuu, kwa hali ulivyoielezea mi ningeanza na Wharfedale, na sio kwamba B&W ni mbaya, hizo DM603 zikiwa nzima ni spika nzuri mno na zile koni zake za njano za kevlar wapenzi wa mziki bado wanazitafuta mpaka leo, ila hapo wewe hununui jina, unanunua boksi mbili ambazo zimeshakaa kwa watu miaka 20 hivi, kwa hiyo hali yake ndo kila kitu. Twita ya B&W hiyo ni kuba dogo la aluminiamu. Aluminiamu ikibonyea inabaki imebonyea, itaimba kweli kama muuzaji anavyosema lakini haiimbi sawa na mwenzake wa upande wa pili, na spika mbili zisipofanana hata utulie vipi sauti ya muimbaji haikai katikati. Wharfedale za Diamond 9 twita yake ni ya kitambaa laini, hata ikiguswa na kidole cha mtoto mara nyingi inarudi. Kama moyo wako uko kwenye B&W basi ulizia kwanza bei ya twita yenyewe ya modeli hiyohiyo, uikate kwenye bei yake, na usikubali afungiwe twita yoyote ya dukani inayoingia kwenye tundu.

Sasa kabla hujatoa hela. Beba amplifaya yako mwenyewe uende nayo kwa muuzaji, na mziki wako unaoujua kila kona, usisikilize huo anaokuwekea yeye kwa sauti ya kutisha maana mziki mnene unaficha mengi. Anza sauti ya chini kabisa. Toa kava za mbele, weka sikio karibu na kila twita na kila wufa (ile spika kubwa ya besi) moja moja uhakikishe inatoa kitu, twita iliyokufa ni rahisi kupita bila kugundua kwa sababu wufa inaendelea kupiga na wewe unadhani ndo sauti ya spika ilivyo. Halafu zungusha balansi kushoto tupu, kulia tupu, wimbo uleule, zinatakiwa zifanane kama mapacha. Muimbaji mmoja ukikaa katikati usikie yuko katikati. Ukiona besi limepotea kabisa na sauti inaelea hovyo, kabla hujamlaumu muuzaji angalia waya, kama chanya na hasi zimegeuzwa upande mmoja, koni moja inatoka nje wakati nyingine inaingia ndani basi zinauana.

Zima mziki, weka vidole pande mbili za koni ya wufa uisukume taratibu kwa usawa. Iende na irudi kimya. Ukisikia inakwaruza kama mchanga ujue koili (waya uliosokotwa nyuma ya koni) imeungua au imepinda inagusa sumaku, hiyo achana nayo. Kuna mafundi wanapima na testa nyuma kwenye vishikizo wanasema nzima hii, na ni kweli spika ya omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) ukiipima hivyo inasoma kama 6 hivi, ila hapo umepima wufa tu, twita huwa ina kapasita mbele yake na kapasita haipitishi umeme wa betri ya testa, kwa hiyo twita inaweza kuwa imekufa na testa isikuambie. Hilo ni la masikio.

Angalia na boksi lenyewe, hasa chini. Haya ni mabao ya chipibodi na MDF (unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi), yakinywa maji kwenye kontena au stoo yanavimba pembeni na hayarudi tena, na kasha lililovimba linaachia gundi na kuvuja hewa, besi linakwenda na hewa hiyo. Namba za nyuma za spika zote mbili zisome, zikiwa zimefuatana au zinakaribiana ni dalili nzuri kwamba zilitoka kiwandani pamoja. Na tundu la hewa limulike na tochi, kwetu huku mende wanalipenda sana.

Kuhusu nguvu, Yamaha yako inatoa wati 60 kila upande kwa omu 8, inatosha sebule ya mita 4 kwa 5 bila wasiwasi. Ila soma desibeli za spika, yaani inatoa sauti kiasi gani kwa wati zilezile. Spika ya desibeli 90 inahitaji nusu tu ya wati za spika ya desibeli 87 kutoa sauti ileile, hizo 3 zinaonekana ndogo kwenye karatasi lakini kwenye amplifaya ni mara mbili. Na watu wengi wanaunguza twita sio kwa amplifaya kubwa, ni kwa ndogo iliyofunguliwa mpaka mwisho inaanza kukata mawimbi, sauti inapasuka.

Hilo la taili nisilipite. Taili, ukuta wa simenti na madirisha ya vioo vinarudisha sauti, spika ndefu humo besi linavuma na trebo inachoma. Tandika zulia kubwa kati yako na spika, mapazia mazito, halafu zisogeze mbali na ukuta sentimita 30 mpaka 50, hasa kama tundu la hewa liko nyuma. Ikiwa mama watoto hataki zitoke ukutani mwambie ukweli kabla ya kununua, maana spika ndefu iliyobanwa kwenye kona haitakupa lile besi la rumba unalolitafuta, itakupa mvumo.

SWALI: Shikamoo kaka. Baba mdogo ananiuzia JBL zake ndefu za zamani kwa bei ya kindugu, nzuri kwa macho ila ule ukingo wa sponji kwenye wufa ukigusa unabaki kidoleni kama unga. Niachane nazo? (Tanga)

JIBU: Marahaba mdogo wangu, usiachane nazo bado. Sponji zile zinaoza zenyewe baada ya miaka 10 hadi 20 hata spika isipopigwa, na joto na unyevu wa pwani vinaharakisha, ni kawaida kwa spika za enzi hizo. Sponji mpya zinauzwa kwa saizi ya wufa, fundi mzuri anabandua ya zamani, anasafisha gundi, anabandika mpya huku anahakikisha koili iko katikati. Fanya ile ya kusukuma koni niliyoieleza hapo juu, ikiwa haikwaruzi, nunua. Mpaka zitengenezwe usizipige, koni ikikosa ukingo inayumba na inaiharibu koili iliyokuwa nzima. Badilisha upande wote wa kushoto na kulia siku moja kwa sponji za aina moja, na fundi akikuambia atakubandikia kitambaa au mpira wa tyubu ya baiskeli mkatalie kabisa, koni inakuwa ngumu na besi lile la JBL hulisikii tena. Na baba mdogo mwambie akupunguzie kwenye bei gharama ya matengenezo, undugu usikuzuie.

SWALI: Ndugu, salama? Mimi nimepata spika ndefu mbili za hom thieta, bei ni ya kutupa, nyepesi hata mtoto abeba. Naweza kuzifunga kwa ampu yangu ya kawaida? (Mombasa)

JIBU: Salama ndugu. Geuza nyuma usome omu. Nyingi za hom thieta ni omu 3 au 4 na ampu yako kama imeandikwa omu 6 hadi 16 itachemka na kujizima, au iungue. Na huo wepesi wake unamaanisha ndani ni plastiki na uwazi, wufa ni ndogo, besi katika seti ile lilikuwa likitoka kwa sabwufa, si kwa hizo. Pesa hiyo iweke, utafute jozi ya spika za shelfu za mbao zilizo nzima, hata ukichelewa mwezi mmoja au miwili.